Wananchi Waulizwe Kabla Mlingoti Haujasimikwa

Ni jambo lisilopingika kwamba mtu wa visiwani hakuanza jana kutazama juu. Wakulima wetu waliitazama Kilimia wakajua wakati wa kupanda umewadia. Manahodha wetu walishika nyota usiku, wakashuka na kaskazi na kupanda na kusi, bila ya mtambo wowote. Na mpaka leo, jioni ya mwezi ishirini na tisa, vijiji vizima hutoka nje kutafuta mwezi mwandamo. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba habari za satelaiti, za roketi na za ndege zisizo na rubani ni mambo ya mabwana wakubwa wa nchi za mbali, na kwamba mvuvi wa Nungwi au mkulima wa Wete hana la kusema juu yake, wamekosea tangu mwanzo.

Tunayaandika haya kwa sababu viwanda vya anga na vya ulinzi vinazidi kukua duniani, na kwa sababu viwanda hivyo vina haja na pwani kama yetu. Jambo hilo halina siri. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwenye mstari wa ikweta ardhi hukimbia kwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata mwendo huo bure, kama mtu arukaye kutoka kwenye gari linalokwenda. Tena ikiharibika njiani, bora mabaki yake yaanguke baharini kuliko juu ya mapaa ya watu. Pwani ya Afrika Mashariki ina vyote viwili: ikweta iko karibu, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Aliyekwisha kuja zamani kwa sababu hizo anaweza kuja tena, na wengine watamfuata.

Sisi hatupingi viwanda hivyo. Nchi isiyojua kutengeneza chombo chake hulazimika kuazima macho ya wengine ili ione mvua yake, misitu yake na mipaka yake. Tunalolitaka ni kwamba wenye viwanda, na viongozi wetu wanaowakaribisha, wajue maana ya kuwaendea wananchi. Kuwaendea wananchi si kuwavika fulana zenye picha ya roketi wala kuwapigia ngoma siku ya ufunguzi. Ni kuwauliza kabla, kuwaambia kweli, na kuwaachia elimu. Mambo hayo matatu yakikosekana, sifa zote zitakazotangazwa hazitafaa kitu. Ushahidi upo, tena wa karibu.

Tuanze nyumbani. Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara 3 katika muda uliopungua kidogo saa 5. Chombo chake kilipopita juu ya pande zetu, sauti yake ilipokelewa hapa Unguja, katika kituo kilichojengwa Tunguu. Kituo hicho kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo zaidi ya 15 vilivyozungushwa dunia nzima ili mwanaanga asipotee masikioni mwa wenzake kwa muda mrefu. Kilikuwa kituo cha kusikiliza na kupima, hakikurusha kitu. Hata hivyo wananchi wengi wa wakati ule waliamini kwamba ni kituo cha makombora, wakakilalamikia, na siasa za miaka ile zikalibeba lalamiko hilo barabarani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 haikuchukua muda mrefu. Mwezi wa Aprili mwaka huo Serikali ya Mapinduzi ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikaondolewa. Kazi yake ikahamishiwa Bukini, na huko nako, mwaka 1975, serikali ya nchi hiyo ikakifunga kituo hicho.

Wapo wanaopenda kuisimulia habari hii kama kisa cha watu wasiojua kitu walioogopa milingoti. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mkataba wa kituo cha Tunguu ulifungwa mwaka 1960 baina ya Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikivitawala visiwa hivi, na Serikali ya Marekani. Mwenye ardhi hakuwa miongoni mwa waliotia saini. Aliambiwa baadaye kwamba kituo hakina silaha, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli inayokuja nyuma ya mkataba huonekana kama kisingizio. Tena wasiwasi wa wananchi ulikuwa na msingi wake. Roketi iliyomrusha Glenn, iitwayo Atlas, ilikuwa imeundwa kwanza kuwa kombora la kuvuka mabara. Wanaanga wote 7 wa mpango ule walikuwa marubani wa kijeshi. Mwananchi wa Tunguu huenda hakujua majina ya mitambo, lakini alinusa kwamba elimu ya anga na elimu ya vita hulala nyumba moja. Katika hilo hakukosea.

Hapo ndipo tunapopata fundisho la kwanza. Kiwanda cha anga kinachotaka kukubaliwa kisiwafiche watu undugu wake na kiwanda cha silaha. Mtambo unaopima mawingu unaweza kupima meli za kivita. Roketi inayobeba satelaiti inaweza kubeba bomu. Kuyasema hayo waziwazi, kisha kuonyesha katika mkataba ni mtumizi gani ulioruhusiwa na ni nani atakayekagua, ndiko kunakoleta imani. Anayesema kwamba hakuna la kuuliza huwafanya watu waulize zaidi.

Tuvuke sasa bahari mpaka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nchini Kenya. Huko Waitalia, chini ya Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 satelaiti 9 zilipelekwa angani kutoka jukwaa liitwalo San Marco. Moja katika hizo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, na Wamarekani walioitengeneza wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta nyota zinazotoa mionzi ya eksirei, na ilikusanya orodha ya mahali 339 angani panapotoa mionzi hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Neno letu, basi, limeandikwa katika historia ya elimu ya nyota, na kila mwanafunzi wa fani hiyo, awe Tokyo au Roma, hulitamka. Hilo ni jambo la fahari. Lakini tujiulize: jina lilikwenda angani, je, elimu ilibaki pwani? Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa na Wakenya wenyewe, kisanduku cha sentimita 10 kila upande kilichoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Roma kiitwacho Sapienza, iliachiwa angani tarehe 11 Mei 2018. Kutoka Uhuru hadi kisanduku hicho ni miaka 47 na ushei. Mtoto aliyezaliwa Ngomeni usiku ule wa 1970 alikuwa amekwisha kupata wajukuu.

Hatusemi hayo kwa kuwalaumu Waitalia peke yao. Asiyedai hapewi. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya wa kituo hicho, na safari hii yakaandikwa mambo ambayo yalistahili kuandikwa mapema zaidi: mafunzo kwa Wakenya, haki ya kuzipata picha na vipimo vinavyokusanywa, na msaada kwa shirika la anga la Kenya lenyewe. Mwaka uliofuata shirika hilo likaundwa, na tarehe 15 Aprili 2023 satelaiti ya Kenya ya kutazama ardhi, Taifa-1, ikarushwa kutoka Marekani. Mwenye macho ataona kwamba kilichobadilika si bahari wala ikweta. Kilichobadilika ni karatasi ya mkataba, na watu waliokaa mezani wakijua wanachokitaka. Hilo ndilo fundisho la pili: elimu haibaki kwa bahati, hubaki kwa kuandikwa.

Asije mtu akadhani kwamba umasikini peke yake ndio uletao manung'uniko. Guyane, jimbo la Ufaransa lililoko Amerika ya Kusini, lina kituo cha Kourou, ambacho kimerusha roketi tangu mwaka 1968. Ili kituo kipatikane, mamia ya wakaaji walihamishwa kwenye mashamba yao. Kituo kikanawiri, kikatoa kazi, kikajenga barabara na kusaidia shule. Hata hivyo mwezi wa Machi 2017 wananchi wa jimbo hilo waligoma, wakazifunga njia, na roketi iliyokuwa tayari kupaa ikangoja mpaka tarehe 4 Mei. Wananchi wale hawakuwa na ugomvi na roketi. Walikuwa na ugomvi na hospitali zisizotosha, shule zisizotosha na usalama uliopungua, huku mashine za fedha nyingi zikipita juu ya vichwa vyao. Vuguvugu lao lilijipa jina, kwa Krioli ya kwao, lenye maana kwamba Guyane nayo ipae. Jina hilo linatosha kuwa hotuba nzima kwa mtumishi yeyote wa serikali anayedhani kwamba mnara mrefu hutosha kuwa maendeleo.

Je, hakuna mahali ambapo jambo hili lilifanywa kwa adabu? Papo. Katika ncha ya kusini ya Bara Hindi, jimbo la Kerala, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Thumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Profesa Vikram Sarabhai alikitaka kijiji hicho kwa sababu kiko karibu sana na ikweta ya sumaku ya dunia. Lakini mahali penyewe palikuwa na kanisa la wavuvi na nyumba zao. Dakta A. P. J. Abdul Kalam, aliyekuwa mmoja wa wahandisi vijana wa wakati ule, amesimulia jinsi Sarabhai alivyomwendea askofu, na jinsi askofu, badala ya kutoa jibu chumbani, alivyolipeleka shauri mbele ya waumini kanisani ili wao wenyewe waseme. Wakakubali. Wavuvi wakapewa mahali pengine, kanisa jipya likajengwa, na lile la zamani likawa karakana ya wahandisi. Vipande vya roketi vilisukumwa kwa baiskeli. Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza ikapaa kutoka Thumba, na jengo la kanisa lile mpaka leo ni makumbusho ya anga.

Tuitie akilini kwamba Kalam mwenyewe alikuwa mtu wa kisiwa, mtoto wa Rameswaram, na baba yake alikuwa na chombo cha kuvushia watu. Mtoto huyo wa mwenye mashua alikuja kuongoza kazi ya roketi iliyoipeleka satelaiti ya India angani mwaka 1980, kisha akaongoza kazi ya makombora ya nchi yake, na mwaka 2002 akawa Rais. Hapa tena tunaona anga na ulinzi katika mkono mmoja, na India haikuficha. Wala hatudai kwamba Thumba hapakuwa na machozi; hakuna anayehama kwao akicheka. Lakini aliyeulizwa na aliyefukuzwa hawaondoki kwa moyo mmoja.

Katika kuwaendea wananchi limo jambo jingine, nalo ni zito zaidi kuliko yote: uhai. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala za silaha zililipuka Mbagala, Dar es Salaam, na tarehe 16 Februari 2011, usiku, zikalipuka nyingine Gongo la Mboto. Kila mara roho zisizopungua 20 zilipotea na mamia walijeruhiwa. Maelfu walizikimbia nyumba zao, na watoto wakapoteana na wazazi wao. Hatuyataji haya kwa kulisuta jeshi letu, ambalo ni jeshi la wananchi na limeundwa na watoto wetu. Tunayataja kwa sababu raia anayekaa karibu na ghala, karakana au uwanja wa majaribio ana haki ya kujua mambo manne: hatari iko umbali gani, kengele yake inalia vipi, akimbilie wapi, na amuulize nani. Kumwambia mwananchi njia ya kukimbilia si kumwambia adui siri. Adui hana haja ya kujua kwamba watoto wa shule wamefundishwa kwenda upande wa magharibi.

Sasa turudi kwetu. Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ndoto. Upande wa Bara tunalo Shirika la Mzinga kule Morogoro na Kituo cha Nyumbu kule Kibaha, vyote vikiwa mikononi mwa jeshi. Hapa visiwani, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,300, katika kazi iliyosimamiwa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na washirika wengine. Waliozirusha ndege hizo wengi wao walikuwa vijana wetu, wanafunzi wa chuo hicho. Picha zilizopatikana zinaonyesha nyumba hata nyumba na mti hata mti. Mpimaji wa ardhi anaweza kuzitumia, mpanga mji anaweza kuzitumia, na wa maafa vilevile anapotaka kujua mvua za masika zitajaza bonde lipi. Na kampasi kuu ya chuo hicho iko wapi? Iko Tunguu. Mahali ambapo zamani mgeni alikaa akamsikiliza mwanaanga wake, leo mtoto wa Makunduchi na mtoto wa Micheweni wanasoma. Hiyo ndiyo hatua tunayoitaka, nayo isiishie hapo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu na watendaji wa serikali wayazingatie yafuatayo.

Kwanza, kila mradi wa anga au wa ulinzi unaohusu ardhi, bahari au anga ya watu upelekwe kwa wananchi kabla haujatiwa saini. Masheha waitwe, kamati za wavuvi ziitwe, akina mama wanaolima mwani waitwe, kwa kuwa eneo la bahari likifungwa kwa siku moja ya majaribio, ni wao watakaolala na njaa. Kushauriana ni mafundisho tuliyolelewa nayo, na serikali haipungui heshima kwa kuuliza.

Pili, maelezo yatolewe kwa Kiswahili kinachofahamika. Lugha iliyolipa jina satelaiti la mwaka 1970 haishindwi kueleza kazi ya satelaiti mbele ya wazee barazani. Mtaalamu asiyeweza kuieleza kazi yake kwa mwenye nyumba aliye jirani naye, na arudi akajifunze.

Tatu, idadi ya nafasi za masomo, aina ya mafunzo na haki ya kutumia picha na vipimo ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na tarehe. Ahadi ya mdomo ya mwekezaji ni kama mvua ya vuli: huenda ikanyesha, huenda isinyeshe.

Nne, kila mwaka atoke mtu wa kiwanda na mtu wa serikali, wasimame mbele ya wananchi wale wale walioulizwa mwanzo, wawasomee hesabu. Nani amesomeshwa? Nani ameajiriwa? Ni ajali gani imetokea? Siri za ulinzi zina mahali pake na tunaziheshimu, lakini hesabu ya madarasa yaliyojengwa haiwezi kuwa siri ya ulinzi.

Nanyi wananchi wenzetu, wajibu wenu haupungui. Anayeulizwa ni lazima ajiandae kujibu. Mkiitwa barazani, nendeni. Msiwaachie wachache waseme kwa ajili yenu, kisha mkanung'unika forodhani. Msikatae mtambo kwa sababu hamjawahi kuuona, wala msiukubali kwa sababu aliyeuleta amevaa vizuri. Ulizeni unafanya nini, ni wa nani, ukilipuka itakuwaje, na mtoto wangu atajifunza nini kwake. Wapelekeni watoto wa kike kwenye hesabu na fizikia kama mnavyowapeleka wa kiume, kwa maana anga haina mlango wa wanaume.

Viwanda hivi vinatafuta pwani, nasi tunayo. Vinatafuta vijana wenye akili, nao tunao. Kilichobaki ni kujua bei ya vitu vyetu kabla ya mnunuzi kufika, ili siku mlingoti mwingine utakaposimikwa katika ardhi ya visiwa hivi, mwananchi apite chini yake akijua ni wake pia, na asiwepo wa kudai ung'olewe.